Mwaka wa Vitambaa Visivyokauka

Shemeji yangu Banza tulimzika mwezi uliopita, hapa Kamina, katika udongo mwekundu uleule aliokuwa akiufuta kwenye viatu vyake kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Treni ilinichelewesha. Nilipofika nilimkuta dada yangu Ngoie ameketi mkekani katikati ya wanawake wa kanisa, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, mikono imelala mapajani kama vitu alivyoombwa na mtu amshikie. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Tulilia, tukachoka kulia, tukaanza kusikiliza maongezi ya wenzetu kama watu wanavyofanya msibani. Mjukuu wake mmoja, msichana mwenye mimba kubwa, alikuwa akipita na sahani za bukari, ule ugali wetu, na kila alipotukaribia wanawake walishusha sauti. Mmoja wao alikuwa akisimulia habari za jirani aliyezaa mtoto mwenye ila. Msichana alipoinama kuweka sahani, habari ile ilikatika, yakaanza mazungumzo ya mafuta ya mawese. "Juu ya nini munanyamaza?" dada yangu akauliza. "Yaya, mutoto si iko na tumbo," mwenzake akamjibu polepole, kwa heshima ya dada mkubwa, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa. "Njo maana museme mbele yake. Tumbo iko yake." Wote walidhani ni uchungu wa ujane unaosema. Mimi peke yangu, kati ya wote waliokaa pale, nilijua kwamba dada yangu alikuwa akigombana na mwaka mmoja wa zamani, na nilipolala usiku ule mwaka ule ulirudi wote, na harufu zake, na mvua zake.

Nilikuwa msichana wa shule, nimetumwa kutoka Bukama nimsaidie dada yangu kazi za nyumba kwa sababu hatimaye alikuwa na mimba, baada ya kuingoja kwa muda ambao ulikuwa umeanza kuwafanya watu wamuulize habari kwa macho tu. Ilikuwa Zaire. Wanaume walikuwa hawavai tai. Mwalimu Banza alikuwa na abakosti moja ya kijivu, lile koti lililovaliwa badala ya suti na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni, ambayo dada aliipiga pasi ya makaa kila Jumamosi juu ya meza ileile tuliyolia chakula. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na sebule, na kwenye sebule kulikuwa na viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kufumwa na ambavyo havikuwa vya kukaliwa ila na wageni wa kanisa. Jiko lilikuwa nje, chini ya paa la nyasi. Upande wa pili wa ua kulikuwa na kijumba cha mama mkwe wa dada, tuliyemwita Mama Kabamba, mwanamke mrefu, msafi, mwenye kuimba nyimbo za kitabu kwa Kiluba alipokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilileta samaki wakavu kutoka nyumbani, na kwa juma zima nyumba ilinuka mto. Dada alikuwa akiivuta harufu ile puani na kufumba macho. Najua kumbukumbu hupendelea chakula, husahau mengine. Lakini naamini kweli kwamba miezi ile ya kwanza tulikuwa na furaha, na kwamba kila mtu katika ua ule alikuwa akimpenda mtoto yule kabla hajamwona. Ndilo jambo linalonisumbua mpaka leo. Hapakuwa na mtu mbaya.

Habari za mashine zilianzia sokoni. Watu walisema hospitali ya misheni, mwendo wa kutosha nje ya mji, imeletewa televizio inayoonyesha mtoto tumboni. Docta mzungu ndiye aliyeijua, na mtambo wa umeme uliwashwa siku maalumu tu kwa ajili yake. Shemeji, kwa kuwa mwalimu na mtu wa kupenda mambo mapya, alitaka mke wake aende. Tulikaa kwenye baraza la hospitali pamoja na wake wa askari wa kambi, wanawake kutoka kila pembe ya nchi, wenye sauti kubwa na vicheko vikubwa kuliko vyetu. Mmoja, mnene, mwenye kanga ya njano, alikuwa akitusimulia kama vile ameshatoka ndani. "Ile mashini haifichwe kintu. Inaona mupaka chakula weye ulikula." Mwingine akashika tumbo lake: "Aba! Basi itaona ile kuku ya mama-mukwe, minyi nilikula nyuma ya mulango!" Mama mkwe wake alikuwa ameketi palepale. "Kumbe njo weye," yule mzee akasema, na baraza lote likaangua kicheko, hata Mama Kabamba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele ya watu asiowajua.

Niliruhusiwa kuingia pamoja na shemeji kwa sababu dada hakutaka kuachia mkono wangu. Chumba kilikuwa na giza, madirisha yamezibwa na shuka. Docta alimpaka mafuta ya baridi tumboni, dada akaruka kidogo, akacheka. Kisha docta akapitisha juu yake kifaa kilichofanana na kipande cha sabuni, na kwenye kioo ikaanza kunyesha mvua ya kijivu. Nilitazama kwa muda mrefu kabla sijaona kitu. Halafu nikaona uti wa mgongo, mwembamba, kama mfupa wa samaki. Na chini ya kifua, shimo jeusi la mviringo, laini, zuri, kubwa kama parachichi lililokatwa katikati. Docta aliacha kuzungumza. Alirudi pale tena na tena. "Ile nyeusi njo kichwa?" dada akauliza. Docta alimtazama, akamgusa bega, akamwambia Banza maneno kwa Kifaransa, wakatoka wote wawili wakaingia chumba cha pili. Mlango ulikuwa na kioo. Nilimwona shemeji amesimama mikono nyuma, akiitikia kwa kichwa, kama mmoja wa wanafunzi wake anapopewa maelekezo na mkubwa. Dada alikuwa akijifuta mafuta, akiniambia nisimchungulie mtu. Banza aliporudi uso wake ulikuwa umetoka jasho, lakini alikuwa akitabasamu. "Iko mwanaume," akasema.

Nusu ile ilikuwa kweli. Nusu nyingine niliijua baadaye sana, na naiandika hapa mapema, kwa sababu sitaki mtu aishi na jambo hili kama tulivyoliishi sisi, bila kulijua. Lile parachichi jeusi lilikuwa kibofu cha mtoto, kimejaa kupita kiasi. Figo zake zilikuwa zimeanza kuvimba kwa mkojo uliokuwa ukirudi juu, kwa kuwa mahali unapopaswa kutokea palikuwa pamezibwa, labda na kijingozi chembamba tu. Tumboni hakufanyiki kitu, docta alisema; lakini mtoto akizaliwa, aletwe siku ileile. Atamwekea mpira mwembamba wa kutoa mkojo, kisha atapelekwa Lubumbashi kwa docta wa kupasua. Wako watoto wanaopona hivyo. Mama yake ajulishwe, achunge namna mkojo unavyotoka.

Banza alimwambia mama yake kwanza, jioni ileile, nyuma ya jiko. Kwetu mwanamke mwenye mimba haambiwi neno baya juu ya kile alichobeba. Neno huingia alipo mtoto na kukaa naye. Mama Kabamba alikuwa na sababu yake zaidi ya desturi. Alipokuwa kijana, mwanamke mmoja alimtazama tumbo akamwambia, "Ile haitasimama," na mtoto wake alizaliwa amekufa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa haoni tena na mimi nikimchania nywele, alinisimulia. "Baliniambia, Numbi. Minyi nilitembea na ile neno mu tumbo mupaka mwisho. Sikutaka Ngoie atembee nayo." Alimwapisha mwanawe asiseme. Na Banza, ambaye aliwafundisha watoto wa Kamina kwamba dunia ni mviringo, alinyamaza kwa sababu aliogopa, na kwa sababu kunyamaza kulimruhusu arudi sebuleni na kukaa karibu na mkewe kama mtu ambaye hana habari yoyote. Nimejaribu kumchukia kwa hilo. Mara nyingi ninaishia kuuona uso wake tu, jasho na tabasamu.

Mtoto alikuja mvua zilipokolea, usiku ambao njia zilikuwa hazipitiki, na dada akazalia kwenye zahanati ya mtaa wetu kwa mkunga ambaye naye hakuambiwa kitu. Alikuwa mtoto mzuri mno. Wakamwita Ilunga. Docta alikuwa amesema siku ileile. Lakini mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka hatolewi nje ya nyumba, na mvua ilikuwa inanyesha, na tena, asubuhi ya kwanza, Mama Kabamba alipomfunua alikuta kitambaa kimelowa. Alikishika kwa mikono miwili. Nilidhani amefurahi tu kama bibi anavyofurahi. Alitoka nacho mpaka uani, kwenye manyunyu, akamwita mwanawe: "Baba Ilunga! Kuja uguse!" Banza alikuja mbio, akakigusa, akaweka vidole usoni. Mimi nilicheka. Sikuwahi kumwona mwanaume akishangilia kitambaa cha mkojo.

Tangu hapo kila siku Mama Kabamba alivuka ua kuja kugusa vitambaa. Aliingiza vidole chini ya mtoto, akauliza, "Iko maji?" akaridhika, akaenda zake akiimba. Dada alikasirika. "Anafikiri minyi sijue kufua," aliniambia tukiwa tumeinama kwenye beseni. "Kila asubui anakuja kupima usafi yangu kama mwalimu wa kushona." Nami nilimwigiza mzee, vidole viwili hewani, midomo imebanwa, tukacheka mpaka sabuni ikatuingia machoni. Vitambaa vilikuwa havikauki. Mvua ilikuwa nje na mvua nyingine ilikuwa ndani. Tulivianika jikoni juu ya moto, vikanuka moshi. Tulivianika sebuleni, juu ya vile viti visivyokaliwa. Na hakuna aliyekuwa na mtoto yule mikononi muda mrefu kama sisi wawili, na sisi tuliona jambo ambalo hatukulipa uzito. Watoto wengine wa kiume ukiwafunua hurusha mkojo juu, kama uzi, mpaka kwenye pua yako. Ilunga hakurusha. Alidondosha. Tone, na tone, na tone, mchana na usiku, bila kupumzika, kama bati lililotoboka. Chini ya kitovu tumbo lake lilikuwa gumu. "Angalia huyu mupole," dada alimwambia mwanamke aliyekuja kumwona. "Hata kukojoa anakojoa na heshima." Yule mwanamke alicheka. Sote tulicheka. Kibofu kilichojaa mpaka ukingoni kilikuwa kikifurika kidogo kidogo mbele ya macho yetu, na sisi tulikipa sifa ya upole.

Kuna chakula kimoja cha jioni ninachoweza kukieleza mpaka chumvi yake. Tulikuwa mezani, bukari na sombe na samaki wa mwisho wa Bukama, taa ya mafuta ya taa katikati. Banza alikuwa amekutana na nesi wa misheni njiani, na nesi alikuwa ametumwa na docta aulize juu ya mtoto. Hilo pia tulikuja kulijua baadaye. Tulichokiona ni kwamba hakuanza kula. "Mama Ilunga," akasema, "mutoto anakojoa?" Dada akacheka. "Unauliza minyi? Uliza mikono yangu. Anakojoa saa yote. Hakuna saa hata moja kitambala inakauka." Shemeji alifumba macho. Midomo yake ilitembea bila sauti. "Lakini," dada akaanza, "iko namna moja anafanya..." "Anakojoa saa yote!" Banza akasema, akasimama, akavuka ua bila viatu kwenda kumwambia mama yake. Tulisikia mzee akipiga makofi gizani, na wimbo wa shukrani ukaanza. Dada aliniangalia. "Nimesema nini?" Chakula cha shemeji kilipoa, na ile *lakini* ya dada yangu ilibaki juu ya meza, na baadaye tukaondoa vyombo.

Nesi alirudishiwa jibu la kweli tupu: mtoto anakojoa vizuri. Nimewaza sana juu ya nyumba ile. Baba alijua cha kuogopa lakini hakujua kilivyo. Mama alikijua kilivyo, alikuwa nacho mkononi kila siku, lakini hakujua kwamba ni cha kuogopa. Walilala kitanda kimoja. Kati ya mto wa baba na mto wa mama mtoto alikuwa akidondosha.

Mvua zilipoanza kupungua Ilunga alikataa ziwa. Ngozi yake iligeuka rangi ya majivu, akawa na homa, akalia kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kwake. Safari hii dada hakumngoja mtu. Alimfunga mgongoni, akaanza kutembea kuelekea misheni, mimi nyuma yake na beseni la vitambaa, na Banza akatufuata kwa baisikeli kutoka shuleni, chaki bado ziko mfukoni. Docta alimgusa mtoto tumbo mara moja tu. Aliuliza kwa Kifaransa, na nesi akageuza: "Mkojo wake unatoka kama uzi ama unadondoka?" Banza alifungua mdomo kujibu, lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa mama. "Unadondoka," dada akasema. "Tangu siku alizaliwa." Docta alisema maneno mengi kwa upesi. Nesi hakuyageuza yote. Aliinamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, docta anasema, si balikuambia?" Nilimwona dada yangu akigeuka kumtazama mume wake. Aligeuka polepole sana. Banza alikuwa akitazama chaki alizozitoa mfukoni.

Walimwingizia mtoto mpira mwembamba, na mkojo ukatoka, mwingi, wenye harufu ya kuoza, na lile tumbo gumu chini ya kitovu likalainika. Kwa siku chache alinyonya. Lakini figo zilikuwa zimekwisha kuharibika, docta alisema, na sumu imeingia kwenye damu. Tumpeleke Lubumbashi, labda. Tukapanda treni. Ilikwenda kama zilivyokwenda treni za wakati ule, ikisimama porini bila sababu. Tulipita Bukama na sikutazama nje. Karibu na Luena injini ilikufa, wakatuvuta mpaka stesheni, wakasema tungoje nyingine. Ilunga alifariki asubuhi, kwenye benchi la stesheni, kichwa chake kwenye kiwiko cha dada, wachuuzi wakipita na karanga. Wafanyakazi wa reli walitutafutia mbao. Tulimzika Luena, mahali ambapo hatukumjua mtu hata mmoja.

Mke wa fundi mmoja wa reli alitupokea kwake tungoje treni ya kurudi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi kwa moshi wa makaa ya mawe, mwenye nyumba ya chumba kimoja. Alitupa maji ya kuoga, akatupikia maharagwe, akakaa chini nasi. Kisha akauliza kile ambacho watu huuliza. "Alikuwa na nini, mutoto?" Banza akasema, "Mama, mapenzi ya Mungu." Dada yangu akaweka sahani chini.

"Hapana. Mwambie mama. Anza pale docta alianzia."

"Mama Ilunga..."

"Weye njo ulisikia. Minyi sikukuwa ndani. Sema vile alikuambia, yote, na minyi nisikie."

Na Banza akasema. Alianza kwa Kifaransa, akaacha, akaanza tena kwa Kiswahili. Alieleza kibofu na figo na kijingozi, akichora kwa kidole kwenye sakafu ya udongo kama alivyochora ubaoni. Mwenye nyumba aliziba mdomo kwa kitenge. Dada alisikiliza ameinama mbele, mikono juu ya tumbo lake lililokuwa bado halijarudi mahali pake, akiitikia kwa kichwa, makini, kama mama anayepewa habari za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hakulia. Alimkatiza mara moja tu, pale asipoelewa, akamfanya arudie.

"Na akasema akizaliwa tufanye nini?"

"Akasema tumulete."

"Lini?"

Banza akatazama mchoro wake sakafuni. Dada alimngoja. Nje, injini ya treni nyingine ilikuwa ikipiga mluzi mbali, na hakuna aliyesimama.

"Siku ile ile," Banza akasema.

"Na mvua?"

"Hakusema juu ya mvua."

"Na kitovu?"

"Hakusema."

Dada yangu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelewa maelekezo yote na hana swali tena.

"Ningemuleta," akasema.